Taarifa za Hitilafu za Kipimo cha Mto, Kinole

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Salehe Luqmani Mkude
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu wa fizikia
Makazi: Kihonda, Morogoro
Tarehe: 24 Aprili 2025, saa 4:20 asubuhi

Natoa maelezo haya kwa hiari mbele ya Koplo Rahel, kuhusu Hashimu Maneno, mlinzi wa kipimo cha mto cha Kinole, anayeshikiliwa kituoni hapa kwa tuhuma za kukata waya wa kipimo hicho. Hakuukata.

Mwaka 2021 mimi na binti yangu Asia, mtaalamu wa programu, tuliwafungia wanakijiji kipimo cha kina cha maji na king'ora. Ndani ya sanduku mna kompyuta ndogo. Programu yake kuu inaitwa kiini, na ndani ya kiini mna kiendeshi, ambacho kazi yake ni kuzungumza na kipimo. Koplo ameniuliza kwa nini kiendeshi kikikosa jibu la kipimo kisipige kelele chenyewe. Nimemweleza kwamba kiendeshi hakiruhusiwi kusimama na kulalamika, maana kikisimama, mashine nzima yaweza kusimama nacho. Huandika ujumbe mfupi: kifaa gani, saa ngapi, kosa gani. Huuweka kwenye foleni na kuendelea na kazi. Programu nyingine, iliyo nje ya kiini, huuchukua na kuutuma kwenye simu. Kipimo kikiwa kizima, hakitumwi chochote.

Maneno ya ujumbe aliyatunga Asia: "Shikamoo baba. Kipimo hakinijibu. Nimekiita mara tatu." Nilimwambia mashine haiamkii watu. Akasema, "Hii itaamkia, mwalimu. Wewe bila shikamoo husomi ujumbe wa mtu."

Asia alifariki tarehe 9 Novemba 2023.

Mnamo tarehe 10 Machi 2025, saa 12:10 asubuhi, ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu kwa mara ya kwanza. Niliitikia marahaba kwa sauti, peke yangu chumbani. Nilijua ni waya umelegea, kazi ya nusu saa. Sikwenda. Siku hiyohiyo niliondoa namba ya mtendaji wa kijiji kwenye orodha ya wapokeaji, asije akatuma fundi. Tangu hapo ujumbe ulikuja kila asubuhi saa ileile, mashine inapojipima. Ule wa jana yake ningeweza kuusoma tena, lakini ulikuwa umeshasemwa. Nilitaka kuitwa.

Tarehe 5 Aprili Hashimu alinipigia simu.
"Shikamoo mzee. Ile taa nyekundu inawaka tu. Nikazekaze humo?"
"Usiguse. Nakuja Ijumaa."
"Ijumaa ipi, mwalimu? Nne zimeshapita. Au milima imekushinda?"
Nilicheka, nikakata simu.

Tarehe 22 Aprili, saa 9:40 alasiri, maji yalishuka ghafla kutoka mlimani. King'ora hakikulia. Rehani, mkulima wa ndizi, alikuwa anavuka na mkungu begani. Alisombwa, akavunjika mguu. Hashimu ndiye aliyemvuta nje. Jioni hiyo akakamatwa, kwa sababu watu walikumbuka kumwona amefungua sanduku. Alikuwa anafukuza sisimizi, na nilimruhusu mimi, mradi asiguse waya.

Jana nilipanda Kinole na Koplo Rahel na mtendaji. Wote waliona kwamba waya haukukatwa. Ulichomoka wenyewe kwenye skrubu iliyoshika kutu. Niliusafisha, nikaukaza. Kipimo kikajibu papo hapo: sentimita themanini na mbili. Mtendaji alinishukuru. Sikujua niweke wapi macho.

Leo saa 12:10 asubuhi nilikuwa nimeshika simu. Haukuingia ujumbe wowote.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na lawama iliyomo ni yangu pia.

Sahihi: S. L. Mkude

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Rahel, na kumsomea shahidi. Nimepokea simu yake yenye ujumbe arobaini na tano kama kielelezo. Shahidi ameuliza iwapo simu itarudishwa bila kufutwa chochote. Nimemjibu kwamba sina mamlaka ya kumwahidi hilo.