Mfano wa Sitiari: Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Vitabu vimefika! Maboksi manne katika ofisi ya walimu: mwongozo mpya wa tamathali za semi, na juu, kwa herufi za dhahabu, jina la mtunzi. Nukta! Tumekaa meza moja miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa kwa ufupi wake, naye huitika. Hakunidokezea hata siku moja kwamba anaandika. Nikampiga bega kumpongeza – nililazimika kuinama. Mwalimu Mkuu kasema Ijumaa tutakata keki.

Nimefurahi. Nadhani nimefurahi.

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa tisa. Chuku: “Mpaka mke wangu amalize kuvaa, maharusi wameshapata wajukuu.” Sitiari: “Mke wangu akinuna ni benki siku ya sikukuu.”

Yangu! Yote yangu! Yametoka kwenye daftari langu la kijivu aliloazima muhula uliopita. “Natunga mtihani tu, Mzee, wiki moja.” Alilirudisha limefungwa vizuri kwenye gazeti, nami nikajisemea, huyu kweli mtu wa adabu. Hata koma hakuhamisha, mwizi mvivu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkabili, chaki mkononi kama bastola. (Tashbihi. Aichukue na hiyo.)

Hakutikisika. Mifano ni mali ya lugha, kasema, si ya mtu. Kwangu ingeozea kabatini. Kwa nini hukuniomba? “Ungekataa, Mzee.”

Kisha akatabasamu. “Nenda basi kwa Mkuu na daftari lako. Lakini shemeji naye atajua benki ni nani.”

Anajua kwa nini daftari lile hukaa kwenye kabati la shuleni, halijawahi kulala nyumbani. Nilimweleza mwenyewe, tukicheka. Miaka yote nafundisha kejeli, leo imenifundisha yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu. Kanisikiliza, kakuna kidevu: leta ushahidi kesho saa nne, la sivyo tule keki kwa amani. Nukta kanipita ukumbini, hata salamu. Hilo limeniuma kuliko kitabu.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Sina kipindi mpaka saa tano. Daftari limo mkobani, limelala nyumbani kwa mara ya kwanza. Niliamua: nitajitetea kwanza, nyumbani nitaomba radhi baadaye.

Kumbe nakala yangu ya kitabu cha Nukta niliisahau kwenye kochi. Nimemkuta mke wangu anaisoma, chai inapoa, anacheka mpaka machozi.

“Huyu Nukta! Kumbe ana maneno! Ila kamdhalilisha mkewe. Benki! Nikimwona dada wa watu nitampa pole.”

Mifano tu hiyo, nikasema.

“Mifano! Wewe ungeniandika hivi, Mwalimu?”

Nilitafuta tafsida. Tafsida zote zilikuwa likizo.

Akafungua ukurasa mwingine, akasoma kwa sauti, bado na kicheko mdomoni: “Tashbihi. Siku ya kumzika mama yake alilia kama mtoto aliyesahaulika shuleni, nami mikono yangu sikujua niiweke wapi.”

Kicheko kikakatika.

Hiyo hata Nukta sikuwahi kumsomea. Niliiandika jioni ile ile ya mazishi, peke yangu darasani, na wala sikuiandika iwe mfano wa kitu. Yeye ndiye aliyeibandika “tashbihi”, akaipa namba.

“Mama mkwe wa Nukta,” kasema polepole, “si tulikuwa naye juzi? Mzima?”

Ameingia chumbani na kitabu. Sikumfuata. Nimetoa daftari, naandika, maana ndicho ninachojua kufanya na mikono hii.

Saa nne kasoro robo. Simu inalia: Mkuu. Naiacha.

Sauti ya mke wangu inatoka chumbani, haina hasira hata kidogo, na ndiyo inayonitisha:

“Mwalimu, siku ile ulikuwa umesimama wapi? Maana nilikutafuta.”

Nyuma yako. Hatua mbili tu, nyuma yako, na mikono hii…