Mawe Yangu na Kabichi ya Wifi

Jumamosi, 4 Mei
Kiuno kimepungua tena! Kabla ya kufungua duka tumepimana kama kila Jumamosi, mafundi wote wanne, namba zinaandikwa kwa chaki ukutani nyuma ya cherehani. Mimi nimeshuka sentimita mbili. Makofi! Wananiita Bi Nidhamu. Siri yake, wanasema, ni kabichi ya kuchemsha na kutembea. Si nimewaambia mwenyewe, bila hata kupepesa macho?

Siri yenyewe ni operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula tumboni, miezi saba iliyopita. Duka zima lilidhani nimekwenda kumuuguza shangazi. Ajuaye ni mume wangu peke yake, na yeye ana kifua.

Ila dada yake — wifi yangu, tunakaa naye nyumba moja na kushona meza moja — anafuata "mpango wangu" neno kwa neno. Kabichi asubuhi, kabichi jioni. Sentimita kumi na nane kwa wiki sita! Namwonea huruma. Na kuigwa nako kutamu, nisijidanganye.

Jumatatu, 6 Mei
Tumbo limenikata nikipinda gauni la bibi harusi. Juu, upande wa kulia, chini ya mbavu, mpaka begani. Nikasema ni gesi. Wifi akasema hata yeye anayo tangu Ijumaa, pale pale, labda ni hii kabichi yetu. Tukacheka mpaka sindano ikaanguka.

Alhamisi, 9 Mei
Mawe! Mimi, fundi wa watu, nina mawe kwenye kifuko cha nyongo! Nimeyaona kwenye ultrasaundi, yamejipanga kama vifungo vya shati la mtoto. Jumanne kifuko kinatolewa.

Daktari kauliza: vile vidonge vya kuzuia mawe tulivyokupa baada ya operesheni, ulimeza miezi yote sita? Nikatazama viatu vyangu. Nitamwambiaje? Nyumbani wifi hupekua kila droo, nikavificha dukani, chini kabisa ya kopo la vifungo. Ikaja oda ya sare za shule — kopo likawa mikononi mwa watu kutwa! Nikapatwa na kiwewe, nikavitupa chooni. Nilikuwa nimemeza wiki tatu. Akili gani hiyo?

Akasema mtu akipungua haraka mno, mawe huja. Nikauliza, hata asiyefanyiwa operesheni? Hata huyo, akasema, akijinyima kula. Nikauliza tena. Jibu lile lile.

Njia nzima nimemuwaza wifi na "gesi" yake.

Ijumaa, 10 Mei
Nimefungua kinywa, akaingia mteja. Nikafungua tena, kilichotoka ni: "Wifi, leo kula vizuri basi." Kacheka. Eti Bi Nidhamu ananitega! Akarudi kwenye kabichi yake. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 11 Mei
Wifi hakusimama ukutani kupimwa. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, mkono ubavuni, jasho tele. Wenzetu wakanigeukia: mtie moyo, Bi Nidhamu, mwambie wewe ulivumiliaje! Nikamwangalia machoni. Yana umanjano. Sikungoja mtu, nimeita teksi.

Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha daktari — yule yule wangu. Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, mwandiko wa kuku. Wifi kaniegemea. Kauliza, "Nawe maumivu haya yalikupata ulipoanza? Yaliisha baada ya siku ngapi?"

Naogopa. Naogopa macho yale, na naogopa zaidi atakavyonitazama nayo.

Nimemwambia, "Wifi, mimi hiyo kabichi sijaila hata siku moja."

Kacheka. Kisha kakunja uso, kashika ubavu, kaacha kucheka.

"Sasa ulipunguaje?"

Muuguzi kaita jina lake. Hanyanyuki. Ananisubiri mimi. Namalizia mstari huu tu, halafu namjibu.