Kinu cha Mama Mkwe na Watu wa Gulwe

Jumamosi, Nkuhungu. Upepo wa leo umeamua kuhamishia vumbi lote la Kizota sebuleni kwangu. Kinanda nimekifunika kanga, na mimi mwenyewe nimenuna tangu jana.

Nimenuna kwa sababu nimekosea mahali nilipojiona mjuzi.

Mnaonisoma hapa mnajua natunga wimbo mrefu wa kwaya kwa ajili ya watu wa Gulwe waliokufa katika ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Wanaume walifungwa kamba, wakabebeshwa mizigo ya jeshi, hawakurudi. Waliobaki walikufa njaa, maana askari walibeba mtama na kuswaga ng'ombe. Hawana hata jiwe la kuwakumbuka. Mwisho wa mwezi huu tutawaimbia kwao, kanisani.

Jana nilimpelekea Bibi Mbeleje rekodi ya mazoezi. Babu yake alikuwa mmoja wa wale wapagazi. Nikampa shikamoo, nikamwekea simu sikioni, nikakaa kusubiri sifa. Ndiyo, nilisubiri sifa.

Ngoma zilipoingia, akaisukuma simu.

"Mjukuu wangu, muheme tunawapigia wanawali wakitoka ndani. Sasa babu yangu unamshangilia nini?"

Mimi ni Mgogo wa mjini. Muheme naijua ile ya kupokea wageni wa serikali, akina mama na ngoma mapajani, wageni wakipiga picha. Niliichukua kwa sababu ina kishindo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamuuliza mama yake alimsimulia nini kuhusu mwaka ule. Akasema zamani kila kaya ilitwanga asubuhi. Askari walipopita, vinu vikanyamaza kijiji kizima, na watoto wakajua kwamba leo tena hakuna kitu.

Mwenyekiti wa kwaya hataki kusikia habari za kuondoa ngoma. "Mwalimu, miezi miwili ya mazoezi! Nani atajua?"

Bibi Mbeleje atajua. Atakuwa benchi la mbele.

Kwa hiyo leo nimefuta ngoma zote, na imeniuma kweli. Nimeazima kinu cha mama mkwe. Wimbo utaanza na akina mama wawili wakitwanga mtama, na kwaya itaimba kwa kufuata mchi. Wakifika pale askari wanapoingia, mchi utasimama na hautarudi tena. Kwaya itayumba bila mdundo. Iyumbe.

Nimejaribu mwenyewe hapa sebuleni. Sikufika mbali, jirani akaita kupitia ukutani kuuliza leo tunapika nini. Nikaacha kutwanga. Nyumba ikawa kimya, nikalia nimeushika mchi.

Jumatatu naingia mazoezini na kinu kichwani. Mwenyekiti akigoma, nitatwanga mwenyewe, na nikifika mahali pa kuacha, nitaacha.