Taa Niliyofunga Kwenye Bastola

Mpendwa Dada Rhonda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya baridi ile. Sisi huku Kentucky tunapumua. Wendell anakohoa kidogo, lakini maharage na mkate wa mahindi bado anakula kama kijana.

Ulisikia kwamba tulivunjiwa nyumba mara mbili kabla ya Krismasi. Wezi walibeba vifaa vya kazi vya Wendell na pete ya marehemu mama. Tangu hapo Wendell akashikilia kwamba bastola yangu, ile ninayoivaa kiunoni chini ya sweta nikienda kuhudumia wagonjwa majumbani, lazima ifungwe taa.

Tukaenda kwenye duka la silaha la Hershel. Wendell alinichagulia taa ndogo isiyotokeza nguoni. Mimi nikang'ang'ania kubwa, yenye mwanga mkali kuliko zote, ingawa Hershel alinionya kwamba itanidunga ubavuni kila nikikaa garini, na kwamba bastola ikiwa nayo haitaingia kwenye ala yangu ya zamani. Wendell akacheka, "Bibie, unajilinda au unawinda kulungu?" Nikamjibu kwamba nataka kuona uso wa mtu vizuri, mpaka macho. Hershel akaacha kutabasamu. Akanieleza taratibu kwamba taa hii imeshikana na mtutu. Popote nitakapomulika, bastola nayo imeelekea hapo hapo. "Kama unataka kuona tu, mama, chukua tochi ya mkononi." Wendell akamwambia asinitie woga. Nikaichukua ile kubwa.

Dada, kuna jambo sikumwambia Wendell. Pete ya mama nilikuwa nimeificha ndani ya soksi kuukuu, na chumbani mwizi hakupekua kitu kingine. Aliyejua ilipo ni mwanangu Colton peke yake. Tangu vidonge vya kulevya vimtawale na baba yake amfukuze, nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: nisije nikampiga risasi mtoto wangu kwa kutomtambua.

Jumanne mchana, Wendell akiwa kazini, nilisikia chupa ikivunjika kwenye stoo ya chini ya nyumba, kule kusikofika jua. Nikashuka, nikachomoa bastola, nikawasha taa yake. Colton alikuwa amekaa sakafuni, anakula kwa vidole mapichi yangu, yale matunda niliyohifadhi kwenye chupa. Amekonda, Dada, mashavu yamebonyea. Mwanga ulimpofusha. Akajikinga kwa mkono, akasema, "Baba, usinipige risasi."

Nikamwambia ni mimi.

Akauliza, "Mama? Hata wewe?"

Nilipoishusha ile bastola, giza likamfunika, nikasikia mlango wa stoo wa kutokea nje ukijibamiza. Hajaonekana tena.

Akija kwako, usimuulize habari za pete. Mpe chakula cha moto. Mwambie mlango wa stoo siufungi tena, na mchana baba yake huwa hayupo.

Msalimie sana shemeji Orville, na utubusie wajukuu.

Mdogo wako akupendaye,
Darlene