Kopo la Peremende

Mpwa wangu mpendwa,

Huku tu wazima, ni goti langu tu linalolalamika. Mjomba wako sasa ndiye mfalme wa ufukwe. Nikipita na mashine yangu ya kutafutia vyuma, waogeleaji wote hunipisha. Muuza miwani hunitania, "Mzee, leo umefukua kijiko gani?" Wivu tu. Juzi nimetoa mkufu mzito kama wa kufungia ng'ombe.

Jumapili mashine ililia karibu na ngazi. Nilichimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko, nikatoa kopo la peremende. Ndani mlikuwa na pete ya mama yako, saa yake na hereni zote mbili.

Miaka yote tumekuambia wimbi lilimchukua akiosha miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilirefusha wimbi lile kila nikisimulia. Lakini anayeosha miguu havui hereni, wala hafukii vitu kwa kina kile. Nadhani alijua harudi, mwanangu. Baba yako sijamwambia. Wewe nimeshindwa kukuficha tena. Pete imo humu, nimeifunga kwa pamba.

Sasa nikipita pale mashine hulia hata nikiwa nimeizima. Muuza miwani anasema natia chumvi kama kawaida yangu. Safari hii natamani ingekuwa hivyo.

Ni mimi, mjomba wako