Feza Isiyo na Tundu

Kasongo, 6 Juni 1929

Baba Odile,

Barua yako ya tatu imefika toka Kabambare. Mbuzi amezaa. Unaniuliza tena kama ninatunza feza zako za chuma unazokusanya, zile zenye makosa ya kiwanda, zaidi ile iliyotoka Ulaya bila tundu. Mutoto wako iko na homa juma la pili, nilikuandikia, na hujauliza habari yake hata mara moja!

Juzi Odile alilia uji wenye chumvi. Nikabeba ile feza dukani. Mwenye duka akapiga kelele mbele ya watu: «Mama, zote ziko na tundu, hii iko ya uongo!» Nilisikia haya mpaka machozi. Nikaipeleka kwa muhunzi, akaitoboa katikati.

Chumvi nimenunua, mutoto amekula. Ukitaka feza yako, muulize mwenye duka.

Muke wako,
Émérance