Hewa Nzito ya Kisimani

Jumatano, 4 Juni 2025. Iringa
Kipindi cha mwisho kabla ya likizo. Kilatini, Form Two. Neno la leo: gravis. Nikaandika ubaoni: zito. Mzigo mzito. Maneno mazito. Mtu mzito, mwenye heshima zake. Ugonjwa mkali. Vijana wakacheka, kumbe Warumi walikuwa kama sisi tu! Mmoja akauliza, na mjamzito je? Yumo — gravida, wa ukoo huohuo. Darasa likalipuka.
Nikamalizia harakaharaka: na hewa pia. Hewa nzito, kwao, ni ile inayodhuru. Kengele.
Kesho Mbeya, kwa dada yangu Mbuke.

Jumapili, 8 Juni. Mbeya
Baridi! Tumbo la Mbuke limeshuka, na bado anabeba ndoo kutoka bondeni. Mume wake, shemeji Filemoni, ameapa mtoto atazaliwa maji yako uani. Anachimba kisima mwenyewe. Jirani yake Vitus anapokezana naye.
Leo Pentekoste, hawachimbi. Mchana kuku alirukia ndoo ya udongo, ikateremka naye hadi chini. Tulipoivuta alikuwa amekufa. Hana jeraha. Shemeji anasema ni mshtuko.
Mshtuko! Kuku?

Jumatatu, 9 Juni
Vitus ametolewa kisimani anatapika. Kichwa kinamgonga, miguu imelegea. Anasema hakusikia harufu yoyote. Mke wake amempeleka zahanati.
Tukashusha koroboi. Ikazimika. Tukawasha, tukashusha tena — ikazimika palepale. Nikamwambia shemeji kuna hewa nzito, imetulia chini kama maji, asishuke. Akacheka. Mwalimu, hayo ya Warumi waachie wanafunzi wako. Unyevu tu huo.
Mbuke hakucheka. Alinifuata jikoni: “Kaka, mimi hanisikii. Ongea naye wewe.”
Nimesema nitaongea.

Jumanne, 10 Juni
Vitus bado amelala. Shemeji anataka kushuka peke yake. Udongo umeanza kuloa, anasema, maji haya hapa! Nimempigia fundi wa visima wa Mwanjelwa. Ana mashine ya kupuliza hewa, atafika mchana. “Mchana nitakuwa nimeshamaliza,” shemeji akasema.
Nikampandishia sauti mbele ya mke wake. Sikupaswa. Akamaliza viazi vyake, akanawa mikono, akatoka.
Nimechukua kamba ya kisimani. Niko nayo chumbani, nimeikalia. Naandika ili nisitoke.
Ananiita. “Shemeji, lete kamba bwana.” Kwa upole kabisa, kama anaomba chumvi.
Siitiki.
Mbuke amepita dirishani, mikono juu ya tumbo. Hakunitazama.
Kimya sasa. Labda amekata tamaa. Fundi hapokei simu — atakuwa njiani.
Roda ya kisimani inalia. Kwa kamba ipi? Kamba si hii hapa? Au ile ya kufungia ng'ombe —
Imeacha kulia.
Mbuke anamwita mume wake. Anamwita tena. Sasa ananiita mimi. Hasemi kaka. Anasema Bujiku, Bujiku